Karani wa Askari Waliorudi

Karani anayeshughulikia masomo ya askari waliotoka jeshini, hapa kwenye chuo cha mji wetu wa Lawton, hutafuna barafu siku nzima. Huchapa kwa vidole viwili, akizigonga herufi kama anayeua siafu. Kila mtu kwake ni "mwanangu", hata sajini mwenye mvi, na husema kwa sauti ya chini mpaka umwinamie ndipo umsikie.

Jana bwana mmoja kutoka chuo cha binafsi kinachotafuta faida tu, viatu vinang'aa, alimbana ukumbini Trejo, dada aliyekuwa akihudumia majeruhi jeshini. "Wewe tia sahihi kwenye fomu hii tu, dada. Serikali inalipa yote. Utatoka muuguzi kamili." Trejo akashika kalamu. Mara karani akatoka ofisini, na ile sauti ya chini ikajaza ukumbi mzima. "Mwambie hospitali inayokitambua hicho cheti chenu! Taja hata moja!"

Bwana akachekacheka. "Mama, na mimi natafuta riziki."

"Katafute kwingine! Miaka ya kusomeshwa na serikali, askari wanapewa mara moja tu. Mkishaila nyinyi, hairudi! Huyu ameilipia kwa kubeba maiti za wenzake, halafu wewe unakuja kumlaghai kwa tabasamu?"

Trejo alimtazama yule bwana, akingoja jina la hospitali. Yule akaanza kukusanya fomu zake. Trejo akamrudishia kalamu.

"Chukua, kaka," alisema. "Mimi nimeshapoteza vya kutosha."