Wifi Mwenye Protini

Tangu Mukandayisenga aolewe, hakuna kitu alichopata wifi yake Illuminée ambacho yeye hakukitaka. Miaka thelathini walishona kwenye baraza moja pale Kicukiro, na mpaka leo kona yenye mwanga ni ya Illuminée. Hata Illuminée alipokwenda kupimwa titi, Mukandayisenga alikwenda naye, asije akapitwa. Wote wakakutwa na uvimbe, wote wakapasuliwa.

Siku ya majibu waliingia kwa daktari pamoja.

"Wewe mama," daktari alimwambia Illuminée, "uvimbe wako una protini zinazopokea homoni. Saratani ya namna hiyo mara nyingi huenda polepole, na ina kidonge chake. Kimoja kila siku."

"Na mimi?" Mukandayisenga akadakia.

"Wako hauna protini hizo, mama. Ni mkali zaidi, na kidonge hicho hakitausaidia. Wewe tutakupa dawa ya dripu. Nywele zitanyonyoka, kisha zitaota."

Maneno yote hayo, yeye alisikia moja tu: Illuminée anazo, yeye hana.

"Hata saratani umepewa ya adabu," alimwambia njiani.

"Wifi, kwani ni kitenge, tulikwenda kuchagua?"

Kilichomchoma zaidi ni nywele. Mwezi wa nane binti yake Umutoni anaolewa, na siku hiyo mama huvaa urugori, lile taji la bua la mtama, alama ya kuzaa. Avae juu ya upara, na pembeni Illuminée amekaa na mvi zake tele? Siku ya dripu ya kwanza hakwenda. Alikwenda kwa Illuminée.

"Nigawie vidonge vyako. Uzi tumegawana, vifungo tumegawana."

Illuminée akavifumbata mkononi. "Hivi kwako havina pa kushika, hukumsikia daktari? Meza tu, ufe. Mimi nibaki na baraza zima."

"Baraza zima?"

"Na wateja wako. Yule mke wa Mugenzi nimemtamani siku nyingi."

Usiniulize Mukandayisenga alilalaje. Jumatatu, kabla milango ya hospitali haijafunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza kwenye benchi, mkono wa gauni ameshaukunja.

Nywele zilikwenda zote. Siku ya harusi urugori ukamteleza mpaka kwenye nyusi. Illuminée akamvua, akashonea utepe wa kitenge kwa ndani, akamvika tena. Ukakaa. Wageni wakapanga mstari kumsalimia mama wa bibi harusi, wakimsifu jinsi alivyopendeza, huku Illuminée amesimama pembeni, amemshikia sahani yake ya chakula.

"Kichwa chako kina umbo zuri, wifi," Illuminée akasema mwishowe, kwa shingo upande. "Changu kina kibonde huku nyuma. Nywele ndizo zinanisitiri."

Mukandayisenga alinyoosha shingo. Dripu nne zilikuwa bado zinamngoja, na zote nne alizihudhuria kichwa wazi, bila kilemba.