Makala Isiyo na Jina

Miaka minne nilimtunza mzee mmoja huku Ulaya, mtaa wa Etterbeek, mimi mtoto wa Bujumbura ninayejua kuogesha wazee kuliko ninavyojua siasa. Enzi za Wakomunisti, kwao huko mashariki mwa Ulaya, alikuwa waziri, tena mhariri wa gazeti la chama. Nilipomkuta hakuwa mtu wa kutulia: dirishani, mezani, dirishani tena, mkongojo wake unanipasua kichwa.

"Papa, keti basi! Utaanguka, lawama nibebe mimi."

Kilichomkosesha raha ni makala moja. Humo alimwita mwalimu fulani msaliti, na mwalimu akaozea gerezani miaka. Desturi ya gazeti lao ilikuwa kwamba makala ya namna hiyo haiwekwi jina la mwandishi. Chama kimesema, basi. Sasa mjane wa yule mwalimu alikuwa akiishi kwa bintiye mtaa wa Laeken, jiji hilohilo, na alikuwa amekubali kuja Jumapili. Mzee alitaka kumwomba radhi kabla hajafa, tena kwa barua, maana mdomo wake haukuzoea kazi hiyo.

Kila asubuhi alinisomea barua hiyo kwa Kifaransa: "Makosa yalifanyika. Gazeti lilikosea."

"Ebo! Gazeti lina mikono? Andika *mimi*."

Aliandika, akakata, akaweka *sisi*. Siku moja nilimwacha na supu yake, nikaenda kusimama barazani kwa hasira. Kwetu pia kuna watu walitajwa redioni kuwa wasaliti, na waliowataja hatujawajua mpaka leo. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliotajwa.

Jumapili yule maman mjane akaja, mdogo wa umbo, koti limefungwa hadi kooni. Alisoma barua amesimama, akaikunja, akauliza kwa Kifaransa, nadhani makusudi ili nami nisikie: "Nani aliandika ile makala?"

Mzee akanitazama. Nikamminya bega.

"Mimi," akasema.

Nikashusha pumzi. Bon, yamekwisha.

"Najua," alisema maman. "Nilikuwa mpiga taipu wenu, ghorofa ya chini. Hukuwahi kushuka. Mwandiko wako uliletwa mezani kwangu, jina la mume wangu limo. Nikaupiga wote, sikukosea hata herufi. Jioni nikarudi nyumbani nikampakulia chakula, nikanyamaza. Amekufa hajui." Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Nimekuja kukuambia wewe, maana kwa binti yangu siwezi."