Jani Alilotafuna Adela

Mitumba iliporuhusiwa kuuzwa waziwazi, Cornelia alipata meza yake katika soko la Majengo, na nyumbani kwake, mtaa wa Izia, akapata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: pambo. Lilikuwa ua aliloletewa na dada yake kutoka Dar es Salaam, lenye majani mapana kama ya magimbi, mekundu katikati na kijani pembeni. Alilipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaliweka sebuleni juu ya kabati, maana baridi ya Juni ingeliua huko nje. Alilipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, na hakulimwagilia kabla ya kugusa udongo kwa kidole.

Mama mkwe wake, Rozina, alisema nyumba ni ya watu, si ya majani. Kama haliliwi, litupwe.

Mchana mmoja Cornelia alirudi kutoka sokoni akasikia mtoto wake Adela, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akilia kwa kukwama. Kopo lilikuwa sakafuni karibu na mlango, jani moja limetafunwa. Mate yalimtiririka mtoto, midomo imevimba, ulimi umejaa kinywa. Rozina alikuwa amepiga magoti akimfuta kwa ncha ya kitenge.

Cornelia alimsafisha kinywa kwa maji, akambeba, wakakimbilia zahanati. Nesi alichungulia koo, akamnywesha maziwa baridi kwa kijiko, akasema kilichobaki ni kumwangalia, asije akashindwa kupumua.

Wanawake wale wawili walikaa kwenye benchi bila kutazamana. Cornelia alikuwa na hakika kwamba ua lilishushwa ili likatupwe. Kila mtoto alipokoroma, alimwinua kichwa na kumgeuzia Rozina mgongo.

Jioni uvimbe ulianza kupungua. Adela akanyonya. Hapo Rozina akasema, macho yake yakiwa sakafuni:

"Mimi ndiye niliyelishusha, mwanangu. Kila ukienda sokoni, mimi huliweka mlangoni lipate jua. Lilikuwa linanyong'onyea."

"Si ulitaka litupwe, mama?"

"Nilisema hivyo. Halafu nikalizoea."

Hasira yote aliyoiandaa Cornelia ilikosa pa kwenda. Akampakatisha Rozina mtoto, yeye akaegemea ukuta akalia.

Jumapili baada ya misa, mume wa Cornelia alipiga msumari kwenye boriti, ua likaning'inizwa mbele ya dirisha. Rozina halifikii tena, kwa hiyo humwagiza Cornelia alimwagilie. Cornelia hugusa udongo, husema bado una unyevu, na hapo ubishi huanza.