Nilimuumiza mtani wangu ulingoni, na nikisema anaumwa watu wanacheka

Admin, naomba ufiche jina langu na la mwenzangu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, Mhehe wa Kilolo, nimeishia darasa la saba. Mke na watoto wako kijijini. Mimi niko Mbeya mwaka wa tisa sasa, kuanzia alfajiri nashusha lumbesa, yale magunia ya viazi yaliyojazwa kupita kiasi, soko la Mwanjelwa, na jioni mgongo ukiwa bado unauma nakwenda mazoezini. Ni bondia wa kulipwa, uzito wa juu. Msidhani ni maisha yale mnayoyaona kwenye televisheni. Huku kwetu mabondia wa uzito huu hawajazi vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo ninayepigana naye ni yule yule.

Nitamwita Mtani, maana ni Mngoni wa Songea, na Mhehe na Mngoni wanataniana tangu enzi za mababu. Naye anaishi hapa Mbeya na familia yake, na mazoezi tunafanya ukumbi mmoja ingawa kila mtu ana kocha wake. Tumepigana mara tatu. Kabla ya kila pambano tunapelekwa redioni tutukanane ili watu waje. Mimi nasema, "Huyu akishashiba panya wake anasinzia. Nitampiga mpaka asahau jina la mama yake." Yeye anajibu, "Mhehe akionja pombe yake ya ulanzi asubuhi, mchana miguu siyo yake." Watu wanakufa kwa kucheka. Tukishuka ulingoni tunakula ugali sahani moja.

Baba yangu alipofariki, Mtani alisafiri mpaka Kilolo. Akavaa koti la marehemu, akachechemea kama mzee alivyokuwa akichechemea, akawa anagombeza waombolezaji kwa sauti ile ile ya mzee. Mama yangu alicheka huku analia. Kwetu ndivyo mtani anavyokuzikia mzazi, na mtu aliyekufanyia hivyo ni ndugu.

Pambano la tatu lilikuwa Iringa mwaka jana. Raundi ya saba nilimpata kwa mkono wa kulia, juu ya sikio. Alianguka, akaamka refa akiwa amehesabu nane, akamaliza raundi zote kwa miguu yake. Mimi nikapewa ushindi. Lakini anayepiga huwa anajua ngumi iliyoingia vibaya.

Baada ya hapo nikaanza kuona vitu. Anafunga kamba za viatu, anafika katikati anaacha. Anakuja mazoezini Jumapili wakati miaka yote Jumapili tunapumzika. Nikasema ni uchovu. Mwezi wa tano tulikuwa tunakunywa chai, akaniuliza, "Mzee huko Kilolo hajambo? Ule mguu wake unaendeleaje?" Nikacheka, nikamwambia, "Mguu umepona, siku hizi anakimbia." Nilijua ananitania. Yeye akasema, "Tumshukuru Mungu," akaendelea na chapati yake. Ndipo nikanyanyua macho nikamtazama vizuri. Hakuwa anatania. Koti alilivaa yeye mwenyewe, na hakumbuki.

Nilikwenda kwa mke wake. Nikamwambia, "Shemeji, huyu mtu kichwa chake hakiko sawa, mpelekeni hospitali." Akaangua kicheko mpaka akaweka mwiko chini. "Wahehe bwana. Pambano lenu la nne limekaribia umeanza kuogopa, unataka kumtoa kwa maneno." Nikamwambia sitanii. Akasema, "Hata mwaka juzi ulisema hutanii, ukamwita mtumwa wako mbele ya padri." Na kweli nilisema hivyo. Nikaenda kwa kocha wake, nikamweleza mambo yote, kamba za viatu, Jumapili, marehemu baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipiga bega. "Hiyo nzuri sana, kaka. Kaiseme redioni, ukumbi utajaa." Miaka yote nimemtukana mwenzangu kwa mdomo huu, na siku nina jambo la kweli hakuna masikio ya kulipokea.

Pambano la nne limeshapangwa, hapa Mbeya. Nilimfuata promota nikamwambia sipandi. Akasema usipande, kuna kijana kutoka upande wa Zambia anasubiri nafasi hiyo hiyo. Huyo kijana nimemuona. Akikuona umetikisika haachi mpaka ulale. Mimi nikijitoa, Mtani atapigwa na mtu asiyemjua wala kumhurumia.

Ikabidi nimwambie mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachanja kuni. Nilitegemea acheke kama wengine. Hakucheka. Alitazama kama watoto wako karibu, akasema polepole, "Najua, mtani. Kuna asubuhi naamka natafuta jina la huyu mtoto wangu wa mwisho silipati mpaka mama yake amuite. Usinisemee. Wakijua wataninyang'anya leseni, na mimi kazi nyingine sijui. Nimekubali pambano kwa sababu ni wewe. Wewe unajua pa kunipiga."

Tangu siku hiyo nabeba mizigo kama mtu aliyelala. Nikipanda nimpige mbavu tu, yeye ni mwanaume mwenye kilo zaidi ya mia, atanifuata kwa nguvu zake zote, na mkono wa bondia ukishaanza kazi haukuombi ruhusa. Nikikaa chini raundi ya kwanza, watamtafutia pambano jingine kubwa zaidi kwa sababu ameshinda. Nikimsema kwa wakubwa wa ngumi, nimemsaliti mtu aliyenizikia baba, na huenda nao wakacheka. Nikinyamaza, naona jeneza linakwenda Songea.

Ijumaa ijayo tunapima uzito. Daktari atampima presha, atammulika machoni, atamuuliza jina lake na mahali alipozaliwa, na hayo bado anayajua. Mimi nitakuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake nikisubiri zamu yangu. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mmesimama hapo mngefungua mdomo au mngenyamaza?