Fungu la Tatu la Watu wa Ziwani

Jambo lote liligharimu zamu nne za kuanza kusoma, kanga moja iliyochanika kwenye seng'enge, na fungu la tatu la kitabu kuhusu watu wanaoishi chini ya ziwa. Nimehesabu mara mbili. Zamu na kanga nimesamehe. Fungu la tatu bado nalidai.

Vitabu nilivipata mnadani, mzungu mmoja wa shamba alipokuwa akiuza vitu arudi kwao. Nilitaka sufuria zake. Sanduku la vitabu niliongezewa kwa sababu nilikataa kuondoka. Kulea watoto wa wazungu kulinipa Kiingereza cha kusoma polepole, na nilipolifungua sanduku nyuma ya kibanda changu cha kuuza sufuria pale mtaa wa Bondeni sikukuta dini wala kilimo. Nilikuta merikebu zinazosafiri kati ya nyota, mchawi anayepangisha kivuli chake, mji wa watu waliosahau kufa. Ndivyo tulivyovisoma wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipowasaka Wakikuyu waliokula kiapo cha kuwapinga wazungu, huku askari wakipekua hata magunia ya makaa.

Tulikuwa wasomaji watatu: mimi, karani mmoja wa reli, na fundi viatu jirani yangu. Kusubiriana kulileta ugomvi, basi nikabuni njia. Kila kitabu nilikipasua mgongoni kwa kisu, mafungu matatu. Ukirudisha la kwanza ndipo upewe la pili. La tatu lilikaa kwangu limefungwa uzi mpaka mawili ya mbele yarudi salama. Mimi nilisoma mwisho, kama mpishi anavyokula.

Jumamosi ile karani alikuwa na fungu la kwanza la kitabu cha ziwa, pamoja na jalada lake. La pili lilikuwa kwa fundi. La tatu lilikuwa chini ya sufuria zangu.

Askari walikuja asubuhi wakazingira vibanda vyetu. Fundi alikuwa Mkikuyu, na miaka ile hilo peke yake lilitosha mtu kuulizwa maswali mara mbili. Kitabu chake cha kipande, ile ruhusa ya kukaa mjini, kilikuwa sawa. Kisha askari mmoja akachukua buti rafuni, akalitikisa. Fundi huwa anajaza karatasi ndani ya viatu visipoteze umbo, na humo ndimo alimoficha fungu lake. Zikaanguka kurasa zisizo na jalada wala mwanzo. Askari akamsomea mkubwa wake mstari wa juu, neno kwa neno: kwamba wote wamekula kiapo, na usiku wa tatu watatoka katika ziwa la chumvi bila mlinzi kuwaona.

Sisi tuna ziwa la chumvi. Ukisimama mlangoni kwa fundi unaliona.

"Ni hadithi, afande," fundi alisema. "Hao ni watu wa majini."

"Basi utawahadithia wenzako kambini."

Wakampandisha lori. Askari mmoja, mteja wangu wa sufuria, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba lori la kambini lingetoka kituoni saa nane. Waliopelekwa huko hatukuwa tukiwaona tena, si mwaka ule wala uliofuata.

Nilichukua fungu la tatu, nikaenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli kufuata la kwanza, lile lenye jalada. Karani alifungua mlango kiasi cha pua.

"Mimi sijui kitabu chochote, mama."

"Kile chenye picha ya mtu mwenye mashavu ya samaki. Kiko chini ya godoro lako."

"Watauliza kimetoka wapi."

"Kimetoka kwangu. Kitabu changu, kisu changu. Wewe sikutaji."

"Na nikikataa?"

"Nitaketi hapa nikusomee kwa sauti, mpaka mkubwa wako aje kusikiliza."

Halafu, nakuapia, mtu yule akaanza kupatana bei.

"Vitabu sita vinavyofuata, nianze mimi."

"Viwili."

"Mama, hii ni shingo yangu."

"Ni shingo ya fundi. Na viatu vyako vya kazini viko kwake. Vinne."

Akanipa fungu ndani ya foronya. Nilikata njia kwenye seng'enge, kanga ikabaki nusu.

Kituoni, lori lilikuwa tayari linanguruma. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye mstari, mikono kichwani. Inspekta alikuwa mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Nilimwekea mezani mafungu yangu mawili.

"Wewe nakata kitabu? Sababu gani?"

"Watu watatu, bwana. Kitabu kimoja."

Akaleta fungu la fundi, akayapanga matatu pamoja. Namba za kurasa zilifuatana. Kisu changu kina pengo, na pengo lile lilikuwa limeacha jino mahali pamoja kila nilipokata. Akalitazama lile jalada. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.

Nje walikuwa wakiita majina. Kila jina, mtu mmoja alisimama akapanda. Inspekta akageuza ukurasa. Nilitamani kumwambia aruke sehemu ya harusi, karani alisema inachosha. Fundi alinitazama, mimi nikatazama kidole cha inspekta. Majina yakaendelea. Mstari wa fundi ukabaki na watu wanne, kisha wawili.

"Toa huyu fundi," inspekta akasema bila kuinua kichwa.

Akanisukumia fungu la kwanza na la pili. La tatu akaliweka chini ya kiwiko.

"Hii mimi namaliza kwanza."

Mimi, nisiyeondoka mahali bila kubishana, nilisema asante. Mwezi haukuisha akahamishwa, na fungu langu likahama naye.

Tulipovuka reli, fundi akaniuliza:

"Je, walitoka?"

"Akina nani?"

"Watu wa ziwani. Mimi nilikuwa nimefika pale kichwa cha kwanza kinachomoza juu ya maji."

Mpaka leo huniuliza kila nikipeleka kiatu. Karani amemaliza zamu zake nne, na sasa kinachofuata ni kile cha nchi ya barafu iliyo nyuma ya mwezi. Fundi hataki hata kukigusa. Anasema hawezi kuingia nchi nyingine na wale wengine amewaacha majini.

Basi wewe unayesoma hapa, kama umewahi kukiona kitabu chenye mtu wa mashavu ya samaki kwenye jalada, nirudishie kurasa za baada ya usiku wa tatu. Kama huna kurasa, niambie tu kama walitoka. Nitakulipa sufuria, na mfuniko wake.