Maji Yakiingia Yanakaa Wapi

Mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alifariki kule Kagera, upande wa Tanzania tulikokimbilia kutoka Rwanda, na mimi nikaacha shule darasa la pili. Ninalisema mapema ili msomaji asinitafutie cheti. Sina. Hata kusoma nilijifunzia kwenye magunia: jina la mwenye mzigo, jina la bandari.

Nilichunga ng'ombe wa watu, nikabeba matofali, na nilipofika miaka kumi na saba nikapata kazi kwenye boti ya mizigo ya Ziwa Viktoria. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji. Boti ya mbao haikosi kuvuja, kwa hiyo kuna mtu anakaa chini kabisa na kopo lake, anachota na kumwaga nje tangu mnapoondoka mpaka mnapofika. Niliifanya miaka minne na sikuona aibu.

Mwaka juzi binti yangu kitinda mimba, aliyeolewa Tanga, alinipigia simu ya video. Nilikuwa dukani kwangu Nyabugogo, Kigali, maana nilisharudi Rwanda, nauza kamba na maturubai. Yeye na mumewe walikuwa wameacha kazi za ofisi, wanataka kununua yoti, yaani boti ya matanga yenye vyumba ndani, wawapeleke watalii bahari kuu mpaka Komoro. Walikuwa wamepata mbili, zote zimekwishatumika. Mume alishachagua moja. Binti alichotaka kwangu ni baraka tu.

Nikamwambia sitoi baraka kwa kitu ambacho sijakiona.

Akaingia na simu ndani ya ile waliyoipenda, nyeupe, akanionyesha. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Madirisha mapana kama ya hoteli, jiko limeshinda la kwangu, chini zulia la buluu. Wapakiaji wa sokoni walikwisha jazana nyuma yangu kutazama, na mmoja akauliza, "Muzehe, meli yenyewe utaiegesha wapi, kwenye huu mto wetu?" Wakacheka, nami nikacheka. Mto Nyabugogo hata bata anautembea kwa miguu.

Kisha nikamwambia binti ainue zulia.

Akainua. Chini ya zulia sakafu ilikuwa imegundishwa na kukazwa skrubu kutoka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na mahali pa kupitisha hata kidole.

"Maji yakiingia yanakaa wapi?" nikamuuliza. "Na mtu wa kuyatoa anakaa wapi?"

Mkwe wangu akachukua simu. Ni kijana wa adabu, ana digrii mbili, lakini niliona ameanza kunichoka. Alinieleza kwamba chini kuna pampu mbili za umeme zinazojiwasha zenyewe, na kwamba boti ni ya faiba, haivuji kama mbao. Halafu akasema, kwa upole, "Baba, wewe ulikuwa ziwani. Hii ni bahari."

"Maji ni yale yale, mwanangu. Ya huko yana chumvi tu."

Hapo nikawasimulia jambo ambalo watoto wangu hawakuwahi kulisikia, na wapakiaji nao wakalisikia bure. Mwenye boti yetu alitaka abiria wake wasilowe viatu. Akaweka sakafu mpya, mbao nzuri zilizorandwa, akazipigilia misumari yote. Abiria wakamsifu. Mimi na mwenzangu wa kuchota tukahamishiwa nyuma, kwenye kitundu kidogo cha kupitisha kopo. Katikati ya ziwa upepo ukabadilika. Tukayasikia maji yanatembea chini yetu, huku na huku, na kila yanapokwenda boti inainama nayo. Kwenye kitundu hayakufika. Nilivunja ubao kwa nanga, na msumari ukaondoka na ukucha wa kidole gumba. Tulipoanza kuchota boti ilikuwa imeshalala mara mbili. Abiria walifika wote. Mwenzangu, aliyenifundisha kazi ile, alichukuliwa na wimbi, hakufika.

Nikamuuliza mkwe swali moja tu: uchafu ukiziba hizo pampu, mke wako ataufikia kwa mlango gani?

Binti ndiye aliyejibu. "Papa, twende tukaone ile nyingine."

Ile nyingine ilikuwa nyembamba, rangi imepauka, madirisha madogo kama ya choo. Mpakiaji mmoja akasema imekonda, inahitaji ugali. Lakini binti aliinama, akaingiza kidole kwenye tundu la sakafu, na ubao ukainuka kama kifuniko cha sufuria. Nikamwambia aingize mkono mpaka chini kabisa. Mkono ukarudi mweusi hadi kiwikoni. Kulikuwa na pampu ya mkono humo ndani, na nyingine juu karibu na usukani. Mkwe mwenyewe akakubali kwamba uzito wake wote uko chini, kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, na kwamba ikilazwa na wimbi inarudi. Hilo halikuhitaji digrii. Lori ukilipakia mzigo mzito juu, utalikuta limelala kwenye kona za barabara ya Shyorongi.

Walibishana siku tatu. Wakanunua ile yenye sura mbaya.

Mwaka jana walikwenda Komoro, na mkwe alinipigia baada ya kufika. Hakuwa na desturi ya kunipigia. Alisema walikutana na upepo mkali, bomba moja likapasuka chini ya sakafu, na pampu ya umeme ikazibwa na matambara.

"Baba, yalikaa pale pale ulipouliza."

"Na mtu wa kuyatoa?"

"Binti yako. Mpaka kulipokucha. Mimi nilikuwa kwenye usukani."

Nikamwambia ampe chakula, tutaongea kesho. Nikafunga duka mapema siku hiyo, kitu ambacho sifanyi.

Leo nina nyumba ya vyumba vitano Kagugu. Nina duka Nyabugogo, kiwanja Busanza, lori moja, na ng'ombe watatu wanaotunzwa na shemeji yangu. Nina watoto wanne, wote hai. Nina kucha tisa za mikono. Boti sina.