Mtutu Uliokataa Kuwa Mweusi

Asubuhi tuliyopanga kumwinda nguruwe dume aliyempasua dada yangu paja, wanaume saba kati ya kumi na mmoja walikataa kusimama mbele ya bunduki niliyoichagua mimi. Hawakuwa waoga. Walichokataa ni rangi ya mtutu.

Kijiji chetu kiko upande wa Chilangala, Newala, pembeni kabisa, pale uwanda unapokatika na kuteremkia bondeni. Bomba la maji likifa, na mwaka ule lilikuwa limekufa tangu palizi, wanawake huchota maji chini kwenye chemchemi, kwa njia nyembamba inayopita katikati ya kichaka. Nguruwe pori walikuwa wamehamia humo humo. Usiku walipanda kula mihogo yetu, mchana wakarudi kulala. Huyo dume mmoja hakuwa na desturi ya kulala. Dada alikutana naye akiwa na ndoo kichwani.

Mjomba wangu, mwindaji pekee wa kijiji mwenye leseni, alikuwa karibu. Alikimbia na gobore lake, akalenga, fataki ikalia peke yake, risasi isitoke. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelowesha baruti, na kutu ilikuwa imeziba tundu la moto. Dada alipelekwa hospitali Ndanda. Wanawake wengine waliendelea kuteremka njia ile ile, maana maji yalikuwa huko tu.

Mjomba akaomba kibali cha kununua raifo, bunduki ya kisasa. Kilipotoka kilikuwa kimekawia sana ofisini, zikabaki siku tatu kabla hakijaisha. Alinichukua mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nikamsomee karatasi. Tukashuka Masasi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ambayo zamani yaliuza chumvi na sabuni ya mgao yalikuwa sasa na redio, baiskeli na marobota ya mitumba. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepata leseni ya kuuza silaha. Alizifungia chumba cha nyuma, na siku hiyo alikuwa nazo tatu. Alizilaza juu ya meza, juu ya kipande cha blanketi.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, imetumika, bei yake ndogo. Mjomba aliifungua, akaweka kipande cha karatasi nyeupe mahali risasi inapokaa ili mwanga upande ndani, akachungulia mdomoni mwa mtutu. Akanipa nami. Kuta za ndani zilikuwa na mashimo madogo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

"Inaua," alisema mwenye duka, "lakini sikufichi mzee, inataka mafuta kila siku."

Ya pili ilikuwa na darubini na kitako kilichochongwa maua. Mjomba hakuigusa. "Hiyo ni ya mtu anayewinda akiwa amekaa kwenye gari," alisema.

Ya tatu, ya bei ya kati, ilikuwa nyeupe kuanzia mtutu hadi kifyatulio, chuma kile kisichoshika kutu, na kitako chake cha plastiki nyeusi. Mjomba aliigonga kwa kucha.

"Hii bunduki au sufuria?"

"Sufuria haina kelele hivyo, mzee. Iache kwenye ukungu wa Newala mwezi mzima, utaikuta kama ilivyo."

Mjomba aliipandisha begani, akaishusha, akaipandisha tena. Ilimkaa vizuri, niliona. Kisha akainama sikioni mwangu. "Dawa itashika hapa?"

Nilijua anachouliza. Kwetu bunduki mpya hupakwa maji ya magome yaliyochemshwa mpaka chuma kigeuke cheusi. Kikigeuka, watu husema imewakubali: haitawageukia wale wanaokuja kutoka mbele yake wakiswaga wanyama.

"Mjomba," nilimjibu, "bunduki inataka kupiga. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi tii, na dada yuko Ndanda."

Akanipa kibali nikisome mara ya mwisho, akainunua ile nyeupe.

Kijijini, fundi wa kupaka dawa hiyo hakuwa mzee. Tulisoma darasa moja, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza baiskeli. Alipaka mtutu mara tatu mbele ya wanaume wote. Kila mara alisubiri, akapangusa kwa kitambaa, na chini ya kitambaa chuma kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani.

"Sijawahi kuona," alisema. "Siwezi kuwaambia imekubali wakati sijaiona ikikubali."

Niliwaeleza habari za chuma na kutu kama ninavyowaeleza wanafunzi. Walinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, umesema vizuri. Ila bunduki hii sisi tunaitazama kutoka mdomoni mwa mtutu."

Watu wakacheka. Jirani yetu Mkristo, ambaye kila mara alipata nyama yote ya nguruwe kwa sababu wengi wetu ni Waislamu, alijaribu kuwatania: "Ninyi fukuzeni tu. Kuzika tutazika sisi, tumboni."

"Safari hii utazika watu, na hao hawaliki," alijibiwa. Saba wakaenda zao.

Wakabaki wanne, na mimi wa tano. Safu ya watu kumi na mmoja inafunga kichaka kile. Watano waliosimama mbali mbali wanakifunga kwa sauti tu. Mjomba alikaa upande wa juu, kwenye uwazi wa njia. Sisi tulianzia chini, mbwa mbele, tukipiga madebe na kupayuka. Aliniambia jambo moja kabla hatujaachana: "Usinyamaze. Kwenye safu ndogo, kimya ndiyo mlango."

Tulipanda. Mbwa walibweka mbele, wakanyamaza, wakabweka tena kwa sauti ya juu zaidi. Nilisikia matawi yakivunjika upande wangu wa kulia. Nilipiga debe mpaka kiganja kikafa ganzi. Ndipo majani yalipoachana juu yangu nikauona mtutu. Uling'aa jua likiupiga, na ulikuwa unasogea polepole kumfuata mnyama nisiyemwona. Ulisogea kuelekea kwangu.

Nililala chini. Sikuamua, niligundua nimelala, shavu liko kwenye udongo na debe limenitoka.

Nguruwe alikuwa akikata mbele yangu kuelekea kwenye uwazi wa mjomba. Upande wangu uliponyamaza, akageuka. Nilisikia kwato zikipita karibu kiasi cha kunirushia mchanga, kisha mlio mmoja wa bunduki, mkali, tofauti kabisa na gobore. Kisha mlio wa nguruwe.

Mjomba aliteremka mbio. Damu ilikuwepo, nyeusi, na kinyesi ndani yake. Risasi ilikuwa imempata tumboni, upande wa nyuma. Mnyama wa namna hiyo haendi mbali, lakini hafi upesi, na anayemkuta hukuta kitu kibaya kuliko kilichokuwepo mwanzo. Tulifuata damu tangu saa tatu hadi adhuhuri. Ilikuwa ikiteremka sambamba na njia ya maji.

Wale saba walikuja waliposikia mlio. Mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba bunduki ile haikukubali. Mjomba alinitazama.

"Kelele za upande wako zilikatika."

"Niliteleza," nilisema.

Alitikisa kichwa, akaendelea kutafuta.

Alasiri wanawake walikusanyika juu ya njia na ndoo zao. Mjomba aliwaomba wasubiri hadi kesho. Mama yangu mzazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyemjibu.

"Kesho? Usiku huu tutakunywa nini? Nyumbani hakuna hata tone, na kuna watoto."

"Dada, yuko humo. Ameumia."

"Basi tangulia. Bunduki si unayo?"

Mjomba aliingiza risasi, akatangulia. Mama alimfuata akigonga ndoo kwa kijiti, na wengine nyuma yake, mmoja mmoja, kwa kuwa njia haichukui wawili. Mimi nilikuwa wa mwisho. Damu tuliyoiona mara ya mwisho ilikuwa juu ya jiwe, hatua chache kabla ya chemchemi, mbichi bado. Baada ya jiwe lile hapakuwa na damu wala alama ya kwato: alikuwa ameingia kichakani hapo hapo, hatukujua upande gani, na wanawake walikuwa wameshaanza kuinama kuchota.